Katari ya Thanjavur: Namna ya Kuisoma Silaha ya Kale Ndani ya Kabati la Kioo

Katari haishikwi kama kisu. Mpini wake ni fito mbili za chuma zilizolala sambamba, na katikati yake vimekingama vishikio viwili. Ukiingiza mkono, vidole vinavizunguka vile vishikio, ngumi inakaa katikati ya fito, na bapa lenye makali linatangulia mbele ya ngumi, likielekea kule kule mkono unakoelekea. Fito zenyewe zinarudi nyuma hadi kwenye kifundo cha mkono na kukizuia kisipinde. Kwa hiyo mwenye katari hachomi kama mwenye jambia. Anapiga ngumi, na nguvu ya bega zima inafika kwenye ncha.

Asiyelijua hilo atapita mbele ya kabati la makumbusho, ataona chuma chenye umbo la herufi H kilichotundikwa ukutani, na kwa kuwa mara nyingi hutundikwa ncha ikiwa chini, hatatambua hata upande wa kushikia. Ni hasara, maana katari za kusini mwa India hujieleza kuliko silaha nyingi. Alama za fundi, za biashara na za vita zote ziko juu juu, zinaonekana kwa macho, hata kwenye picha ya simu. Kinachotakiwa ni kujua pa kuanzia.

Aina ninayoizungumzia ni ile yenye kinga ya mkono, iliyotengenezwa kati ya karne ya 16 na ya 17, na inayohusishwa na mji wa Thanjavur. Vitabu vya zamani na lebo nyingi bado vinauandika Tanjore, kama Waingereza walivyozoea. Mji uko kwenye delta ya mto Kaveri, katika jimbo la leo la Tamil Nadu, na umesimama kuzunguka hekalu la Brihadisvara lililokamilika mwaka 1010. Watawala walioitwa Nayaka, ambao mwanzo walikuwa magavana wa dola ya Vijayanagara, waliushika kuanzia mwaka 1532 hadi 1673. Baada yao ukaingia mikononi mwa ukoo wa Kimaratha wa Bhonsle, uliotawala mpaka katikati ya karne ya 19.

Silaha ya namna hii ni kongwe kuliko watawala hao. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliiona India miaka michache baadaye. Katika masimulizi yake anaitaja silaha yenye chuma kinachofanana na ulimi wa plau, ambayo mkono huingizwa ndani yake hata ukafunikwa. Aliyewahi kuiona katari yenye kinga hana shida kuitambua.

Anza na mpini

Watu wengi hukimbilia makali. Mimi namshauri mtazamaji ayaache kwanza, aanze pale mkono ulipokaa.

Katari zilizozoeleka kaskazini mwa India, hasa za karne ya 18 na ya 19, zina fito na vishikio tu. Mgongo wa mkono uko wazi. Ile ya Thanjavur ina bamba la chuma linaloinuka kutoka shingoni mwa bapa, likajikunja kurudi nyuma juu ya vifundo vya vidole. Mara nyingi limetiwa mifereji kama gamba la kombe, au limetobolewa kwa tindo hadi likawa kama nakshi ya mlango, na ncha yake ya nyuma imejiviringa ikawa kichwa cha mnyama. Huyo mnyama hutoka hekaluni. Anaweza kuwa yali, kiumbe wa kubuni mwenye kichwa cha simba na pengine mkonga wa tembo, ambaye amechongwa kwenye nguzo za mahekalu ya Madurai na Srirangam. Anaweza kuwa makara, mnyama wa majini mwenye taya kama la mamba. Utaona pia kasuku na maua ya yungiyungi.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Pale vishikio viwili vilipo, fundi huacha kila kimoja kikivimba katikati kama tasbihi nene, ili kiganja kisiteleze. Nafasi kati ya vishikio hivyo hujazwa bamba dogo la nakshi iliyotobolewa. Ukilitazama kwenye picha iliyokuzwa vizuri utaona kingo za matundu hazilingani, tundu moja limeingia kidogo kuliko jirani yake, kwa sababu kila moja lilikatwa kwa tindo na kusawazishwa kwa tupa, kwa mkono. Katari ya kuigiza, iliyomiminwa kwenye kalibu, haina tofauti hiyo. Matundu yote ni mamoja na kingo zake ni za mviringo. Sijui njia rahisi zaidi ya kuzitenganisha hizo mbili.

Pembezoni mwa nakshi hizo angalia pia rangi. Katika siku ya tisa ya sikukuu ya Navaratri, Wahindu wa kusini hufanya Ayudha Puja, ibada ya kuvienzi vyombo vya kazi na vya vita, na vyombo hivyo hupakwa poda nyekundu na ya manjano. Leo hii magari, cherehani na kompyuta hupakwa vivyo hivyo. Zamani zilikuwa silaha za mfalme, na jukwaa la mawe ambalo wafalme wa Vijayanagara walifanyia sikukuu hiyo bado lipo Hampi. Kwa hiyo chembe nyekundu zilizojificha kwenye kona ya nakshi si lazima ziwe kutu, na mhifadhi mwenye busara haziondoi kabla ya kuzipima.

Kisha bapa

Sasa shuka kwenye bapa, utafute mahali linapoungana na mpini. Katika katari nyingi za kusini, bapa na mpini si kipande kimoja. Mpini una ulimi wa chuma, mmoja kila upande, unaolibana bapa katikati, na ribiti mbili, tatu au zaidi zimepita zote kwa pamoja. Ribiti hizo ndizo zitakazokuambia jambo la maana kuliko yote: bapa lilitoka kwingine.

Katari nyingi za Thanjavur zimefungwa mabapa ya panga za Ulaya. Wareno walipofika Calicut mwaka 1498, wakiongozwa baharini na rubani waliyempata Malindi, na walipoiteka Goa mwaka 1510, mabapa ya kutoka Ujerumani, Italia na Hispania yalianza kuingia India kwa wingi kama bidhaa. Bapa lililovunjika halikutupwa. Fundi wa Kitamil alilikata, akalinoa ncha mpya, akalipachika kwenye mpini wake. Hii si hisia ya mwandishi, inaonekana. Upanga mzima wa Ulaya una mfereji unaoanzia karibu na mpini na kufifia polepole kabla ya kufika nchani. Kwenye katari iliyotumia kipande cha upanga, mfereji hukatika ghafla pale ncha mpya ilipokatwa, au huzama chini ya ulimi wa mpini bila mwanzo. Pengine utaona herufi chache za Kilatini, nusu ya jina la fundi au la mji, na nusu nyingine imefunikwa na ribiti. Usiliamini sana jina lenyewe hata likiwa kamili, kwani mafundi wa Solingen huko Ujerumani walikuwa na desturi ya kugonga majina ya mafundi mashuhuri wa Italia na Hispania kwenye kazi zao. Liamini kama alama ya safari, si kama hati ya kuzaliwa.

Yapo pia mabapa ya India yenyewe, na hapo ndipo utakapokutana na feleji iliyoipa nchi hiyo sifa duniani. Mafundi wa kusini na wa nyanda za Deccan walitia vipande vya chuma pamoja na vijiti au majani ndani ya kichungu cha udongo, wakakiziba, wakakichoma kwa saa nyingi, kisha wakakiacha kipoe polepole. Chuma kilinyonya kaboni, kikatoka donge gumu ambalo likifuliwa kwa uangalifu huonyesha mistari laini ya kijivu na nyeupe, kama maji yanayopita juu ya mchanga. Mwanasayansi Michael Faraday, kabla hajawa maarufu kwa umeme, alivichunguza vipande vya feleji hiyo London akitafuta siri yake. Miaka mia nne kabla ya Vijayanagara kuporomoka katika vita vya mwaka 1565, mwanajiografia Al-Idrisi alikuwa ameandika kwamba chuma cha Sofala, kusini kabisa mwa pwani yetu, kilinunuliwa na wafanyabiashara na kupelekwa India. Hilo halimpi mtu haki ya kudai kwamba katari fulani ina chuma cha Afrika. Linatukumbusha tu kwamba malighafi ilisafiri bahari hii kwa pande zote mbili.

Hatimaye itazame ncha. Ikiwa imenenepa kama patasi, ilitengenezwa ipenye kati ya pete za fulana ya chuma. Ikiwa bapa linafunguka matatu kama mkasi ukibana vishikio, umeikuta silaha ya maonyesho. Waelekezaji wengi hupenda kueleza kwamba bapa hilo lilifunguka ndani ya mwili wa adui. Nguvu ya kiganja kimoja haitoshi kwa kazi hiyo, na namsihi msomaji asiieneze hadithi hiyo.

Lebo inasema nini, na inaficha nini

Lebo ya kawaida hutaja jina la kitu, mahali, karne, vifaa, vipimo, na mwishoni mstari mmoja mdogo unaoeleza kilivyofika makumbusho. Wageni wengi husoma mistari ya juu na kuuacha ule wa mwisho. Usiuache. Kwa katari hizi ndio wenye uchungu.

Mwaka 1855 raja wa mwisho wa Thanjavur, Shivaji wa ukoo wa Bhonsle, alifariki bila kuacha mtoto wa kiume. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikatangaza kwamba utawala umekoma. Ndani ya kasri kulikuwa na ghala la silaha zilizokusanywa tangu enzi za Nayaka: panga zenye mpini wa kufunika mkono mzima, mikuki, kulabu za kuongozea tembo, na katari za kila namna. Katika miaka ya 1860 ghala lilivunjwa. Sehemu ilichaguliwa ikapelekwa kwenye Makumbusho ya Serikali mjini Madras, yaani Chennai ya leo, katika mtaa wa Egmore. Nyingi zaidi zilivunjwavunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. M. J. Walhouse, Mwingereza aliyekuwa jaji upande huo wa India, alieleza habari zake kwenye jarida la Indian Antiquary mwaka 1878, na maelezo yake ni miongoni mwa machache tuliyonayo kuhusu ghala lile.

Kasri hilo hilo lilikuwa na maktaba ya Saraswati Mahal, ambayo raja Serfoji wa Pili aliikuza sana mwanzoni mwa karne ya 19, na miswada yake ya majani ya mtende ingalipo Thanjavur hadi leo. Vitabu vilibaki, silaha zikaenda kwa mfua chuma. Naona uchungu kila nikilifikiria hilo, kwa sababu silaha hizo kama zingebaki mahali pamoja zingetuonyesha karakana moja ilivyobadilika kwa vizazi viwili au vitatu, jambo ambalo vipande vilivyotapakaa duniani haviwezi kulionyesha vizuri.

Ndiyo maana maneno ya lebo yanahitaji kupimwa. “Thanjavur” pekee inaweza kumaanisha tu kwamba mtaalamu ameuona mtindo na kuufananisha na mingine. “Kutoka ghala la kasri la Thanjavur” ni dai zito zaidi na linahitaji karatasi: orodha ya zamani, barua, hati ya mnada. Anayetaka kuliingia suala hili kwa undani atafute kitabu cha Robert Elgood cha mwaka 2004 kuhusu silaha za Wahindu na ibada zao. Hakuna aliyelifanyia kazi ghala hili kwa kina kuliko yeye.

Namba ya usajili nayo husema. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yana katari kadhaa za Thanjavur, na baadhi ya namba zake huanza na 36.25. Tarakimu za kwanza ni mwaka wa kuandikishwa, yaani 1936. Zinazofuata ni namba ya kundi la vitu vilivyopokewa mwaka huo. Baada ya hapo huja namba ya kitu chenyewe. Kundi hilo ni urithi wa George Cameron Stone, mkusanyaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1935 na kuyaachia makumbusho hayo maelfu ya silaha, nyingi za Asia. Kwa hiyo tarakimu nne tu zimekwisha kukuambia silaha ilikuwa kwa nani kabla ya kuingia kabatini. Swali linalobaki ni yeye aliipata kwa nani, na hilo una haki ya kuwauliza wahifadhi.

Swali hilo halina ufidhuli. Mwezi Agosti mwaka 2022 jiji la Glasgow lilitia saini mkataba wa kurudisha India vitu saba, kimojawapo kikiwa upanga ulioibwa mwaka 1905 kutoka hazina ya Nizamu, mtawala wa Hyderabad. Mwezi Mei mwaka 2023, upanga uliotwaliwa katika kasri la mtawala Tipu Sultan baada ya kuuawa kwake Srirangapatna mwaka 1799 uliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 14. Vyote viwili ni silaha za kusini mwa India, na vyote viwili vilitoka kwao bila wenyewe kuuza.

Kuitafuta bila kusafiri

Huhitaji tiketi ya ndege. Tangu Februari 2017 Metropolitan wameruhusu picha za vitu visivyo na hakimiliki zipakuliwe na kutumiwa bure, hata vitabuni. Ingia kwenye tovuti yao, andika “katar” kisha “Thanjavur”, halafu rudia kwa “Tanjore”, maana majibu hayalingani. Fanya hivyo pia kwenye tovuti ya Victoria and Albert ya London na ya Royal Armouries ya Leeds. Fungua picha ya ukubwa wa juu, usiridhike na ile ndogo. Ribiti na mifereji havionekani mpaka ukuze. Ukienda mwenyewe, iwe Chennai au kwingineko, piga picha ya lebo kwanza na ya kitu baadaye, usiwashe mwanga wa kamera, na simama upande mmoja wa kabati kisha mwingine, kwa sababu mistari ya feleji hutokea pale tu mwanga unapoipiga kwa mshazari. Kitu kikiwa stoo, idara nyingi hupokea maombi ya watafiti yaliyoandikwa mapema yakitaja namba ya usajili.

Ikiwa chuma cha kale kiko nyumbani kwako

Katari ni nadra katika nyumba za Afrika Mashariki, lakini jambia za Oman, panga na visu vya babu viko vingi Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo, na kanuni za kuvitunza ni zile zile.

Kubwa ya yote ni kutosugua. Ndimu na majivu vinavyong’arisha sinia la shaba vitaila feleji ndani ya saa moja, na msasa au brashi ya waya utaondoa mistari, alama za fundi na poda za ibada, vitu ambavyo hakuna fundi anayeweza kuvirudisha. Shika kwa glavu, kwa sababu jasho la kidole huacha kutu yenye umbo la kidole. Usijaribu makali, wala usilazimishe kuchomoa silaha iliyokwama alani; ala kuukuu hupasuka, na mkono unaoishika ndio unaokatwa. Ikitoka kwa urahisi, ihifadhi nje ya ala, kwani ngozi hufyonza unyevu wa pwani na kuukumbatisha chuma. Pangusa kwa kitambaa kikavu cha pamba, pitisha mafuta mepesi sana ya cherehani kwenye bapa tu, yasiguse mbao wala pembe, kisha uifunge kwa kitambaa kisicho na rangi na kuiweka kwenye sanduku pamoja na vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Angalia kila msimu wa mvua.

Andika pia inavyojulikana nyumbani: ilitoka kwa nani, ilifika lini, ilitumika harusini au la. Hiyo ndiyo karatasi ambayo silaha za Thanjavur zinaikosa.

Na ukitaka kuuza au kusafirisha, uliza kwanza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na zote zinataka kibali kabla kitu cha kale hakijavuka mpaka. India, kwa sheria yake ya mwaka 1972, inakihesabu kitu cha sanaa au cha ufundi chenye umri wa miaka 100 au zaidi kuwa cha kale na hairuhusu mtu binafsi kukitoa nchini. Kwa hiyo ukitangaziwa mtandaoni katari “halisi ya karne ya 17, imetoka India mwezi uliopita”, ama ni ya kuigiza, ama imevunja sheria kukufikia. Muuzaji asiye na hati inayoonyesha ilikuwa wapi kabla ya 1972, mwache.

Kwa ushauri, andikia makumbusho ya taifa yaliyo karibu nawe. Tuma picha nne zilizopigwa mchana kivulini: upande mmoja, upande wa pili, mpini kwa karibu, na maandishi yoyote yaliyopo, kila moja ikiwa na rula pembeni. Silaha yenyewe iache nyumbani hadi mhifadhi akuambie uilete.